Nimeambiwa nipange picha kwa spirali ya dhahabu. Nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga picha za harusi na za mtaani hapa Tanga. Natumia kamera ya kihisi kidogo (kile kinachopokea mwanga ndani), lenzi ya milimita 18-55 na nyingine ya 50. Kuna mafunzo ya video niliyoyaona yanasema kanuni ya theluthi, yaani kugawa fremu mara tatu kila upande na kuweka kitu mistari inapokutana, ni ya wanaoanza, na waliobobea hutumia spirali ya dhahabu, ule mstari unaojizungusha kama gamba la konokono. Wakaonyesha ile picha ya mpiga picha Mfaransa Cartier-Bresson ya baiskeli na ngazi ikiwa imechorewa mstari wa spirali juu yake, ukakaa sawasawa kabisa. Kamera yangu haina mstari huo. Nitauonaje ninapopiga? Na je, nikate picha zangu zote ziwe na uwiano wa 1.618, yaani upande mrefu uwe mara 1.618 ya ule mfupi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Swali la mwisho nalijibu kwanza maana lina hela za wateja ndani yake: usikate. Hesabu yake nitakuwekea mwishoni. Hayo mengine yanataka tukae chini kidogo.

Waliokuambia theluthi ni ya wanaoanza wamekupotosha. Vitu hivyo viwili havifanyi kazi moja. Theluthi inakupa mahali pa kuweka kitu. Spirali inampa mtazamaji njia ya kupita mpaka akifikie hicho kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kuweka uso wa bibi harusi penye jicho la spirali, yaani pale inapoishia, bila kukosea hata pikseli moja, na picha bado ikawa imelala, kwa sababu hakuna chochote ndani ya fremu kinachokupeleka usoni.

Twende kwenye hiyo picha ya baiskeli, kwa kuwa inatajwa kila mahali na inatazamwa vibaya. Henri Cartier-Bresson aliipiga Hyères, mji wa kusini mwa Ufaransa, mwaka 1932. Amesimama juu ya ngazi za mawe anaangalia chini. Karibu naye kuna reli ya chuma inayojipinda ikishuka na ngazi, ngazi nazo zinazunguka, chini kuna barabara yenye kona, na huko juu kushoto mwa picha mtu wa baiskeli anapita, ametoka na ukungu wa mwendo huku ngazi zikiwa zimetulia tuli. Sasa chukua kidole umfunike huyo wa baiskeli. Ngazi zinabaki nzuri, lakini jicho lako linashuka nazo halafu linakosa pa kwenda. Geuza, funika ngazi. Unabaki na mtu anayewahi shughuli zake, basi.

Angalia tena mahali alipo. Hayumo katikati ya mzunguko wa ngazi. Yuko nje yake kabisa. Reli kubwa ya karibu inakushika, ngazi zinakuzungusha, ukingo wa barabara unakupokea na kukurusha kwa baiskeli. Kazi yote imefanywa na mikunjo hiyo inayopokezana. Ule mstari mweupe uliochorwa kwenye video umekuja baadaye sana, na kwa mkono wa mtu mwingine.

Tena kuna jambo ambalo video hizo hulipita kimyakimya. Fremu ya filamu aliyotumia ilikuwa ya milimita 36 kwa 24, uwiano wa 1.5. Spirali ya dhahabu inakaa ndani ya mstatili wa 1.618. Ili ienee kwenye picha yake, lazima ama mstari uvutwe ubadilike umbo au picha ikatwe, na Cartier-Bresson hakupenda picha zake zikatwe. Jiometri aliijua vizuri tu. Kuanzia mwaka 1927 alisomea uchoraji kwa André Lhote huko Paris, mwalimu aliyekuwa mkali wa mambo hayo. Lakini mwaka 1952 aliandika kwamba anatumaini haitafika siku maduka ya picha yatauza vijigridi vya kubana kwenye kitundu cha kuchungulia, wala kanuni ya dhahabu kuchorwa kwenye kioo cha kamera. Siku hiyo ilishafika zamani, na vijigridi vyenyewe vinagawiwa bure.

Halafu fikiria: mstari huo kwenye programu unaweza kuugeuza uelekee pembe yoyote kati ya nne. Ukiruhusiwa kuugeuza, kuuvuta na kusema "karibu unagusa", utaupata hata kwenye picha ya pasipoti. Mimi nikioneshwa picha iliyochorewa spirali, huuliza kwanza: na zile pembe nyingine tatu ulizijaribu?

Wengi huiita pia spirali ya Fibonacci, na jina hilo nalo limebebeshwa mzigo usio wake. Huyo ni Leonardo wa Pisa, aliyejifunza tarakimu tunazotumia leo akiwa kijana huko Bugia, mji unaoitwa sasa Béjaïa, Algeria. Katika kitabu cha mwaka 1202 alitoa fumbo la sungura wanaozaana: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, kila namba ikiwa jumla ya mbili zilizotangulia. Gawanya 34 kwa 21 upate takriban 1.619, kadiri unavyoendelea ndivyo unavyoisogelea 1.618. Kuhusu picha hakusema neno, na upigaji picha ulitangazwa duniani mwaka 1839.

Ila hesabu yenyewe ina jambo moja linalokufaa ukiwa kazini. Spirali zipo za aina nyingi. Hii ya dhahabu inapanuka haraka mno: kila ikimaliza mzunguko mmoja kamili inakuwa imekua karibu mara 6.85. Maana yake ni kwamba ndani ya fremu yako mzunguko unaoonekana ni kama mmoja tu. Uliobaki umejikunja hadi ukawa nukta. Kwa hiyo usihangaike kutafuta mizunguko mitatu minne. Unatafuta mkunjo mmoja mpana unaofagia fremu, na doa moja mwishoni.

Hilo doa, yaani jicho la spirali, linakaa wapi? Hapa wengi wanachanganya mambo matatu. Mistari ya theluthi iko asilimia 33 kutoka ukingo. Mistari ya gridi ya dhahabu, inayogawa fremu kwa uwiano wa 1.618, iko asilimia 38, imejongea katikati zaidi. Jicho la spirali liko karibu asilimia 28 kutoka ukingo wa pembeni na asilimia 28 kutoka ukingo wa juu au wa chini, yaani limesogea pembeni kuliko hata theluthi. Kwenye faili la pikseli 6000 kwa 4000, tuseme ndilo la kamera yako, hiyo ni kama 1650 kwa 1100. Ukiwa kazini hutapima. Washa gridi ya theluthi, ambayo kamera yako inayo, halafu lenga nje kidogo ya lile kutano la mistari, kuelekea pembe ya fremu. Kati ya robo na theluthi. Inatosha.

Na mkunjo unaanzia wapi? Hili halisemwi mara nyingi, nalo ndilo linalokuwezesha kuuona bila mstari. Upinde mkubwa huanzia kwenye pembe ya upande wa pili wa ukingo uleule mrefu. Jicho likiwa chini kulia, upinde unaanza chini kushoto, unapanda hadi juu, unashuka upande wa kulia na kuingia. Jicho likiwa juu kulia, unaanza juu kushoto, unashuka hadi chini, unapanda kulia na kuingia. Uchore kwa kidole hewani mara kadhaa, mkono utauzoea kabla ya akili.

Sasa mazoezi, na ningependa uanzie jikoni. Siku ya kupika chapati, subiri hatua ile donge likishasukumwa, likapakwa mafuta, likakunjwa likawa kamba ndefu. Ukiizungusha yote ikawa duara na kuipiga picha ikiwa katikati ya fremu, umepiga picha ya kitu chenye spirali. Ni nzuri kwa tangazo la unga, lakini jicho linafika katikati na kuganda hapo. Sasa fungua kidogo. Acha duara dogo lililokazwa likae chini kulia kwenye kibao, na mkia wa kamba uupitishe kulia, uje juu, uteremke kushoto mpaka utoke nje ya fremu kwenye pembe ya chini. Piga kutokea juu kabisa, mwanga ukitoka dirishani upande mmoja ili mifereji ya donge iwe na kivuli. Sehemu kubwa ya ndani ibaki mbao na unga uliomwagika. Linganisha picha hizo mbili kwenye simu na umuulize mtu asiyejua habari za kamera alianza kutazama wapi na akaishia wapi. Usimwambie kwa nini unauliza.

Kuna mambo matatu utayaona hapo yakijirudia kila mahali. La kwanza ni ukubwa: kilicho mwanzoni mwa mkunjo kiwe kikubwa, kilicho mwishoni kiwe kidogo. La pili ni ukimya: ile nafasi kubwa ambayo mkunjo unaizunguka isiwe na kelele. Anga, mchanga, ukuta, sakafu. Gari jekundu likiegeshwa hapo spirali yako imekufa. La tatu ni mwanga, na hili ndilo linalowaangusha wapiga picha za harusi. Jicho la mtu hukimbilia penye tofauti kali ya mwanga na giza au penye uso. Kama dirisha linalowaka liko kwenye pembe ya mbali na bibi harusi yuko kivulini, mtazamaji atatoka nje kwa dirisha hilo, hata mkunjo wako uwe umepimwa kwa rula. Zima taa, funga pazia, au sogeza watu.

Kwa kupiga mtaani, nenda kwenye mnada wa samaki asubuhi. Wanunuzi wamemzunguka dalali, tayari wamekupangia mduara. Ukibaki usawa wa mabega yao utapata ukuta wa migongo. Omba ruhusa upande juu ya kreti au kizingiti, zungusha lenzi ya 18-55 hadi 18, na umweke dalali juu kulia. Kutoka juu hapo mstari unaanza na watu wa kushoto, unashuka, unapita chini ambako vichwa na mabeseni ya walio karibu nawe ndiyo makubwa kuliko vyote, unapanda kulia watu wakizidi kuwa wadogo, na unaishia mkononi mwa dalali pale anapoinua samaki. Mduara tayari unao. Wewe unangoja mkono. Weka kasi ya shata ya sekunde 1/250 au ya haraka zaidi, na uache magamba ya samaki yang'ae yenyewe. Magamba ya changu yakipata jua la asubuhi hayahitaji mapambo yoyote ya kompyuta.

Usitumie ile ya 50 hapo. Kwenye kihisi chako inaona finyu kama lenzi ya 75 au 80 kwenye kamera ya kihisi kikubwa, na ili uwapate watu wote itabidi urudi nyuma mbali. Ukirudi nyuma, wa mbele na wa nyuma wanakaribia kulingana kwa ukubwa, na spirali bila tofauti ya ukubwa inabaki mduara tu. Upana na ukaribu ndivyo vinavyoizaa.

Harusini, fursa yako kubwa ni gauni na shela. Simamisha kamera wima. Mweke bibi harusi kushoto, uso ukiwa juu kushoto kwenye ile asilimia 28. Mkia wa gauni uanzie pembe ya chini kushoto, ufagie sakafu kuelekea kulia. Mpambe ashike ncha ya shela na kuiinua upande wa kulia, kisha aiachie na atoke haraka. Shela inapanda, inapita juu, inarudi usoni. Piga mfululizo. Picha nyingi zitakuwa za kutupa, shela imemfunika pua au mpambe ameacha kiwiko ndani ya fremu. Moja itakaa. Ukiwa na video au picha ya kupandisha kwenye mitandao, kumbuka vitufe vya programu nyingi za simu hukaa chini kulia, kwa hiyo jicho la spirali lisiwe huko.

Hina nayo ni nzuri mno kwa hili. Mkono wa bibi harusi uliokunjwa kwenye kiwiko ni upinde tayari, na vidole vikikunjika kidogo kuelekea kiganjani vinamalizia. Hapo ndipo ningekuruhusu kutoa 50 yako, maana mkono mmoja unaweza kuukaribia na bado ukapata tofauti ya ukubwa kati ya kiwiko na kidole.

Mahali pa kuisahau spirali kabisa ni pengi. Picha ya ukoo ni mojawapo: weka watu katikati, kwa heshima ya umri, hakikisha kila uso unaonekana. Ukimsogeza shangazi pembeni kwa sababu ya uwiano wa dhahabu, atakuuliza mbele za watu na hutakuwa na jibu. Mihrabu, mlango mkubwa wa kuchonga, uso unaokutazama moja kwa moja, hivyo vinataka ulinganifu. Na penye mistari iliyonyooka tupu, kama gati au reli ya treni, ulalo utakufikisha mbali kuliko mkunjo wa kulazimisha.

Je, binadamu kweli anaupenda uwiano huu? Hukuuliza, lakini najua utauliza. Katika kitabu cha mwaka 1876 Mjerumani Gustav Fechner alieleza alivyowapa watu mistatili kumi ya maumbo tofauti wachague. Ulio karibu na 1.618 ukapata kura nyingi kuliko mwingine wowote, kama thuluthi moja. Waliorudia majaribio ya namna hiyo wamepata majibu yanayopingana. Mimi kazini sijawahi kuona mteja akitofautisha asilimia 28 na asilimia 31. Namna picha inavyomvuta, hiyo anaitambua hata kama hana jina lake.

Haya, kukata. Faili lako la 6000 kwa 4000 ukilikata liwe 1.618 linabaki 6000 kwa 3708 hivi. Umepoteza pikseli 292, kama asilimia 7 ya kimo, na haionekani kuwa hasara kubwa. Shida inakuja kwenye kuchapisha. Inchi 4 kwa 6 ni 1.5, sawasawa na kamera yako. Inchi 5 kwa 7 ni 1.4. Inchi 8 kwa 10 ni 1.25. Hakuna karatasi ya kawaida ya 1.618, kwa hiyo fundi wa maabara atakukatia tena anavyojua yeye, au utapata ukanda mweupe pembeni na simu ya mteja.

Mteja akitaka 8 kwa 10 kutoka kwenye picha uliyopiga kwa mlalo, upana wako unashuka kutoka 6000 hadi 5000. Ukiacha mashine ikate 500 kila upande, uso uliokuwa pikseli 1650 kutoka ukingoni unabaki 1150, yaani asilimia 23, na unaanza kuonekana kama unasukumwa nje. Ukikata zote 1000 upande ule mtupu, uso unaangukia asilimia 33, kwenye theluthi ile uliyoambiwa ni ya wanaoanza, na mkunjo umepoteza mwanzo wake. Kwa hiyo kata wewe mwenyewe, sehemu kubwa upande mtupu na kidogo upande wa uso, kabla hujapeleka faili.

Mstari wa spirali utumie hapo, kwenye kukata. Katika Lightroom Classic, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, bonyeza R kufungua zana ya kukata, kisha O mara kadhaa mpaka spirali itokee, na Shift pamoja na O kuigeuza. Igeuze ifuate mkunjo uliopiga, usogeze ukingo kidogo kama unasaidia, halafu ifiche na uitazame picha ikiwa ndogo, saizi ya kidole gumba. Kama mkunjo unaonekana hata katika udogo huo, hifadhi. Kama hauonekani, rudisha picha ilivyokuwa, na harusi ijayo upande juu ya kitu.